Hisa au Hela? Habari za Waliozichora Sura Kampuni Changa

Kuna swali moja nimeulizwa mara nyingi na washikaji zangu wanaofanya kazi za usanifu hapa mjini, hata nikaona bora nikae chini nilisomee. Swali lenyewe ni hili. Una ofisi yako ndogo, watu watatu au wanne, kompyuta mnazo, kodi ya pango inadaiwa. Anakuja kijana mwenye kampuni changa, hizi ambazo siku hizi kila mtu anaziita stataapu. Ana wazo zuri na maneno matamu. Anataka nembo, tovuti, na sura ya programu ya simu. Hela hana. Anakwambia, "Kaka, nikukatie asilimia mbili ya kampuni. Tukitoka, tumetoka wote." Unafanyaje?

Wengi wanaoniuliza wanakuja na jibu lao mfukoni, na jibu hilo lina jina: David Choe. Huyu ni msanii wa Marekani anayechora kutani. Mwaka 2005 Sean Parker, aliyekuwa rais wa Facebook wakati huo, alimwita achore kuta za ofisi yao kule Palo Alto, California. Akapewa achague: dola 60,000 taslimu au hisa za thamani hiyohiyo. Choe mwenyewe aliuona mtandao ule ni upuuzi mtupu, lakini ni mtu wa kamari, akachukua hisa. Facebook ilipoingia kwenye soko la hisa Mei 2012, magazeti yakakadiria kuwa hisa za mchora kuta zilifikia dola milioni 200 hivi.

Hadithi tamu, sibishi. Lakini Choe hakuwa na ofisi. Hakuwa na binti wa mapokezi wala vijana wawili wanaosubiri mshahara tarehe 30. Yeye alicheza kamari na wiki chache za maisha yake. Mwenye ofisi anacheza kamari na chakula cha watu wengine. Kwa hiyo nimejaribu kufuatilia wale waliokuwa na ofisi hasa, tena ofisi zilizozihudumia kampuni ambazo leo zinajulikana dunia nzima lakini siku hizo zilikuwa changa na zina njaa. Nilichokikuta kimenishangaza, maana shida yao kubwa haikuwa ile tunayoifikiria.

Tuanze na dada mmoja ambaye hakuwa hata na ofisi, kwa sababu kila mtu anamtaja. Carolyn Davidson alikuwa mwanafunzi wa usanifu wa michoro katika chuo kikuu cha Portland State, jimbo la Oregon. Phil Knight alikuwa anafundisha uhasibu hapohapo chuoni, huku pembeni akiendesha kampuni ya viatu iliyoitwa Blue Ribbon Sports. Alimsikia yule dada akisema hana hela za vifaa vya kuchorea, akampa vibarua kwa dola 2 kwa saa. Mwaka 1971 akamwomba nembo ya kiatu kipya. Davidson akaleta michoro kadhaa, wakachagua ule mkwaju uliopinda tunaouona leo kwenye kila kandambili ya bandia pale Kariakoo. Knight hakuupenda sana, alisema labda ataizoea. Ankara ya Davidson ilikuwa dola 35. Piga hesabu kwa dola 2 kwa saa: ni saa 17 na nusu.

Watu huishia hapo na kusema, ona wanavyotuibia! Lakini habari inaendelea. Septemba 1983, Nike ikiwa tayari kampuni kubwa, walimfanyia Davidson karamu ya kushtukiza, wakampa pete ya almasi yenye umbo la ile nembo na bahasha yenye hisa 500. Hisa za Nike zimegawanywa mbili kwa moja mara sita tangu mwaka huo, kwa hiyo asiyeziuza hizo 500 anazo 32,000. Mimi kinachonivutia zaidi ni hapo katikati. Baada ya ile nembo Davidson aliendelea kuwachorea mabango na vitabu vya bidhaa kwa miaka kadhaa, mpaka kampuni ilipokua na kuhitaji wakala kamili wa matangazo. Kampuni ikapata wakala, na kazi yake ikaisha. Hakufukuzwa wala hakudhulumiwa. Mteja alikua tu, akamzidi kimo.

Hilo likumbuke, maana linajirudia.

Regis McKenna alifungua ofisi yake mwaka 1970 kwenye lile bonde la California lililokuja kuitwa Silicon Valley. Kadi yake ya biashara ilikuwa na kichekesho: pale ambapo watu huandika cheo, yeye aliandika "mwenyewe". Mteja wake wa kujivunia alikuwa Intel, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1968, na kazi yake ilikuwa kuyafanya mambo ya vipande vya silikoni yaeleweke na binadamu wa kawaida. Mwaka 1976 kijana mmoja mwenye nywele ndefu, Steve Jobs, aliyaona matangazo ya Intel, yakampendeza, akapiga simu Intel kuuliza ni nani anayeyatengeneza. Akatajiwa McKenna. Basi akaanza kupiga simu, na akipiga hachoki. Aliyepokea upande wa pili ni Frank Burge, aliyehusika na wateja wapya, ambaye alimkwepa kadiri alivyoweza, mwishowe akaenda gereji kwa akina Jobs shingo upande.

Kikao cha kwanza na McKenna mwenyewe kiliharibika. Steve Wozniak, fundi wa ile kompyuta, alikuwa ameandika makala ya kiufundi na hakutaka mtu wa matangazo aiguse. McKenna akawaonyesha mlango. Jobs akapiga simu tena mara moja kuomba kikao kingine. (Ukifanya kazi na kampuni changa utawakuta hawa wawili kila mahali: fundi asiyetaka kazi yake iguswe, na msemaji asiyekubali hapana.)

Sasa swali la mwenye ofisi: hawa vijana wangelipa kwa kitu gani? Mtaji wa kuanzia waliupata kwa Jobs kuuza gari lake na Wozniak kuuza kikokotoo chake. Hapa McKenna alifanya jambo ambalo naliona la akili kuliko nembo yenyewe. Aliwaelekeza kwa mwekezaji, Don Valentine. Valentine hakupendezwa na muonekano wao, ila naye akawatajia Mike Markkula, aliyewahi kuwa meneja wa masoko Intel na kustaafu akiwa kijana tajiri. Markkula akaingiza dola 250,000 na kuwa mshirika. Yaani mtu wa matangazo alimsaidia mteja wake kupata hela kwanza, na mteja mwenye hela ndiye anayeweza kulipa ankara.

Ndani ya ofisi ile alikuwepo msanifu mwajiriwa, Rob Janoff. Apple ilikuwa na nembo ya zamani iliyochorwa na Ronald Wayne, mshirika wa tatu aliyejitoa mapema: Isaac Newton amekaa chini ya mti, mistari midogomidogo tele, kitu cha kubandikwa kwenye jalada la kitabu cha kale. Janoff akachora tunda moja lililong'atwa, lenye milia sita ya rangi. Lile jino halina falsafa yoyote, ni kwamba bila hilo tunda lingeweza kudhaniwa ni cheri. Rangi nazo zilikuwa na kazi, kwa sababu Apple II ilionyesha picha za rangi. Nembo na kompyuta vikaonekana pamoja kwenye maonyesho ya San Francisco, Aprili 1977. Apple iliingia soko la hisa Desemba 1980 kwa dola 22 kwa hisa. Cha ajabu, Nike nayo iliingia mwezi huohuo, kwa bei hiyohiyo.

Halafu? Mwaka 1981 Chiat/Day, wakala mkubwa wa Los Angeles, wakanunua upande wa matangazo wa ofisi ya McKenna, na kazi ya Apple ikaenda nao. Tangazo maarufu la mwaka 1984 la kompyuta ya Macintosh ni la hao. McKenna akabaki na ushauri wa masoko, akaandika vitabu, akaheshimika. Lakini angalia muda: tangu gereji hadi kumpoteza mteja kwenye matangazo ni miaka mitano.

Wakati huohuo, juu ya duka la nguo za kike pale Palo Alto, kulikuwa na vijana wawili waliosoma Stanford, Dean Hovey na David Kelley. Ofisi yao, Hovey-Kelley Design, ilianza mwaka 1978. Mwaka 1980 Hovey alikwenda kwa Jobs na mawazo yake mengine kabisa, Jobs akamkatiza: achana na hayo, nataka kipanya. Alikuwa amekiona kipanya cha kompyuta kwenye maabara ya Xerox. Kile cha Xerox kilikuwa cha dola 300 na kikiharibika baada ya wiki mbili. Yeye alitaka cha kutengenezwa kwa chini ya dola 15, kidumu miaka, kifanye kazi juu ya meza yoyote hata juu ya suruali yake ya jinzi.

Hovey alitoka pale akaingia dukani, akanunua dawa za kwapa, zile zenye kijipira kinachozunguka, pamoja na kibakuli cha siagi. Akang'oa vijipira. Huo ndio uliokuwa mfano wa kwanza! Baadaye mhandisi wao, Jim Yurchenco, alipata mbinu nzuri zaidi baada ya kuchungulia mchezo wa Atari: kijipira kisibanwe, kiachwe kielee chenyewe. Kipanya kikatoka na kompyuta ya Lisa mwaka 1983.

Hawa nao walikuwa ofisi ya ushauri. Wamefanya kazi, wamelipwa, na kipanya ni cha Apple. Ungeweza kulia ukiwaza ni vipanya vingapi vimeuzwa duniani. Lakini tazama kilichowafuata. Mwaka 1991 ofisi hiyo, ambayo wakati huo ilishakuwa David Kelley Design, iliungana na ofisi ya Bill Moggridge na ya Mike Nuttall, wakazaa IDEO. Moggridge, Mwingereza, alikuwa amefika Palo Alto mwaka 1979 na mteja wake alikuwa kampuni changa iitwayo GRiD. Aliisanifia kompyuta ya kubeba inayofunguka na kufunga kama kitabu, ikatoka mwaka 1982 kwa zaidi ya dola 8,000, na wanaanga wa NASA walikwenda nayo angani. Hiyo unayoisomea sasa hivi, kama si simu, inafunguka vilevile. GRiD yenyewe iliuzwa kwa Tandy mwaka 1988, na leo ukilitaja jina hilo mtaani watu watakushangaa. Kama Moggridge angeishi kwa hisa za GRiD tu, nadhani asingefika 1991. Aliishi kwa sababu alikuwa na mteja wa pili, wa tatu na wa nne.

Mzee Paul Rand nitampitia haraka, ingawa nampenda. Huyu ndiye aliyeichora nembo ya IBM. Mwaka 1986 Jobs, akiwa amefukuzwa Apple na anaanzisha NeXT, alimtaka amchoree. Ilibidi kwanza IBM watoe ruhusa. Jobs akamwomba amletee michoro kadhaa achague. Rand akakataa: nitakutatulia tatizo lako, utanilipa, ukitaka kuchaguachagua nenda kwa wengine. Dola 100,000, mchoro mmoja. Kompyuta za NeXT ziliuzwa kama 50,000 tu kwa jumla. Rand alifariki Novemba 1996, na mwezi uliofuata Apple wakatangaza kuinunua NeXT. Jina likafa, nembo ikafa, lakini Rand alikuwa amelipwa siku nyingi. Tatizo ni kwamba ukijaribu maneno ya Rand bila kuwa Rand, mteja anachukua kofia yake anaondoka.

Sasa tuje kwenye msiba, maana hapa ndipo jibu la "nikupe hisa" lilipopimwa kweli, na si na mtu mmoja bali na ofisi nyingi kwa mpigo.

Miaka ya 1990 intaneti ilipolipuka, kila mwenye wazo alihitaji tovuti. Mwaka 1995 vijana wawili marafiki tangu utotoni, Jeff Dachis na Craig Kanarick, walianzisha Razorfish ndani ya chumba cha kupanga New York. Wenyewe wawili. Aprili 1999 ofisi hiyo ya kuchora tovuti iliingia soko la hisa. Ofisi ya usanifu, jamani, kwenye soko la hisa! Februari 2000 mtangazaji wa kipindi cha televisheni cha 60 Minutes II akawauliza swali jepesi: mnafanya kazi gani hasa? Wakaanza kuzunguka na misamiati mizito, mtangazaji anarudia swali, wao wanarudia misamiati. Mwezi uliofuata, Machi 10, soko la Nasdaq lilifika kileleni, likaanza kuporomoka, na hadi Oktoba 2002 lilikuwa limepoteza zaidi ya robo tatu ya thamani yake.

Kwa nini ofisi za usanifu ziliumia kuliko wengi? Kwa sababu wateja wao wote walikuwa wa kabila moja. Kampuni changa ilikuwa inalipa kwa hela za mwekezaji, siyo kwa hela za mauzo. Mwekezaji akifunga mkoba, ankara hailipwi mwezi huohuo. Na ofisi nyingi zilikuwa zimekubali hisa za wateja kama sehemu ya malipo, kwa hiyo zilipigwa mara mbili kwa siku moja: mteja hana hela, na karatasi yake uliyoifungia kabatini haina thamani. Kama tayari umeajiri watu mia kwa kuhesabu hizo karatasi, umekwisha. Razorfish iliuzwa kwa bei ya kutupa mwishoni mwa 2002.

Kisa cha CKS kinaniuma zaidi. Hiyo ilikuwa ofisi iliyoanzishwa mwaka 1987 na Bill Cleary, mtu aliyetoka Apple, wenziwe wakaungana naye baadaye. Ofisi ndogo ya watu wanaojua kazi. Mwaka 1998 ikaungana na USWeb, na mwaka 2000 hiyo nayo ikaungana na Whittman-Hart, wakajiita marchFIRST, kampuni ya maelfu ya wafanyakazi. Aprili 2001 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Iliishi mwaka mmoja na ushee.

Waliotoka kwenye majivu hayo walijifunza, kila mmoja kwa namna yake. Chicago kulikuwa na ofisi ndogo, 37signals, ya mwaka 1999, watu wachache wakichora tovuti za wateja. Walikuwa wanapotezana na wateja kwenye baruapepe, wakajitengenezea programu ya kupanga kazi zao. Wateja wakaiona, wakaitaka. Februari 2004 wakaiuza kwa jina la Basecamp, na muda si mrefu wakaachana kabisa na kazi za kuagizwa.

Na kule Victoria, Canada, Andrew Wilkinson, kijana aliyekuwa akiuza kahawa, alianzisha MetaLab mwaka 2006. Mwaka 2013 alifuatwa na Stewart Butterfield, ambaye mchezo wake wa mtandaoni ulikuwa umefungwa Desemba 2012 na sasa alikuwa amebaki na programu ya mazungumzo ya kazini isiyo na sura. MetaLab wakaipa nembo, rangi na sura katika wiki chache. Ndiyo Slack, iliyonunuliwa na Salesforce mwaka 2021 kwa dola bilioni 27.7. Wilkinson hakukaa kuhesabu mabilioni ya Butterfield. Faida ya ofisi yake alikuwa akinunulia biashara nyingine ndogondogo, mfano Dribbble, ule mtandao ambao wasanifu wote mnauweka kazi zenu, aliyoinunua mwaka 2017.

Hapa kwetu mambo haya ni ya juzi tu. Ofisi zetu za usanifu ziliishi kwa kadi za harusi, kalenda, fulana na mabango ya kampeni. Wateja wa namna hii mpya walianza kuonekana baada ya M-Pesa kuanza Kenya mwaka 2007 na iHub kufunguliwa Nairobi mwaka 2010. Mwenye harusi hatakupa hisa ya ndoa yake. Atakupa kishika uchumba, kisha atamalizia siku ya kuchukua kadi, la sivyo kadi hazitoki. Sijaona kwa nini utaratibu huo uwe mshamba kwa sababu tu mteja ana kompyuta mpakato. Asilimia mbili nayo siikatai moja kwa moja, ila iwe juu ya hela, iandikwe na mwanasheria, na mshahara wa vijana wako usiitegemee hata kwa mwezi mmoja.

Maana hata mteja akitoka kweli, hilo la kuzidiwa kimo bado linakusubiri. Kampuni zilipogundua kuwa usanifu ni roho ya biashara, ziliacha kukodi, zikaanza kuchukua. Machi 2013 Facebook iliichukua Hot Studio ya San Francisco. Toronto kulikuwa na Teehan+Lax, iliyofunguliwa mwaka 2002, ofisi iliyoheshimiwa mno, ambayo kati ya kazi zake ilishiriki kuisanifu Medium ilipokuwa changa. Ilipita salama miaka yote migumu. Januari 2015 wakurugenzi wake watatu wakatangaza kuwa wanahamia Facebook. Ofisi haikununuliwa. Wenye ofisi walikwenda, wafanyakazi kama 40 wakabaki kutafuta kazi kwingine, na mlango ukafungwa.